Mwaliko Uliosema Umeusahau

Nasra mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umekwenda Feri na baba yako kununua nguru wa kukaanga wa safari, macho yamekuvimba na simu hukuiacha. Mimi nimekaa mezani, nimefunga dirisha la upande wa barabarani ili kelele za mikokoteni zipungue kidogo, naandika upesi kabla hamjarudi. Ukinikuta utaniuliza naandika nini, na ukiniuliza nitakujibu kwa ukali, kama nilivyokujibu Ijumaa. Leo nataka unisikie bila sauti yangu. Nitaiweka chini ya mto wako, isome kabla hujalala.

Mambo ya chandarua na kuchemsha maji sikuandikii. Muuguzi ni wewe, si mimi.

Nirudi Ijumaa. Nilikukuta jikoni umekaa juu ya ndoo, simu mapajani. Ulikuwa umeweka stetasi kwamba unaondoka Dar, umepangiwa zahanati huko mbele ya Songea, na picha yako ya sare nyeupe umeiweka. Ukasubiri. Walioitazama walikuwa mamia, uliniambia mwenyewe, na waliokuandikia hata neno la "safari njema" hawakujaza vidole vya mkono mmoja. Kisha ukasema, "Mama, kule mtandao hakuna. Yule dada wa zahanati alinipigia amepanda juu ya kichuguu. Nikikaa kule mwaka mzima, nani atakumbuka kama nipo? Bora nisiende."

Nikakujibu, "Nyoo! Watu wanasota miaka wakitafuta ajira, wewe unalilia stetasi?" Nikakupa mgongo nikaanza kumenya vitunguu. Namshukuru Mungu kwa vile vitunguu, maana na mimi nilikuwa nalia na sikutaka uone.

Nililia kwa sababu hofu yako naijua. Nimelala nayo na nimeamka nayo kabla wewe hujajua kushika simu.

Nilikuja mjini hapa kutoka Masasi nikiwa bi harusi, sijui mtu. Baba yako alikuwa akitoka asubuhi kwenda kwenye cherehani yake, mimi nabaki kwenye chumba hiki hiki nasikiliza watu wakiitana majina huko chini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiita langu. Hilo lilinikaa rohoni kuliko njaa. Ndiyo maana nilipopata fremu ya kuuzia vitenge Kariakoo, na baadaye simu ya kioo, nilizikusanya namba za watu kama mtu anayeanika dagaa huku mvua inakuja. Mteja akinunua hata kipande cha kutengenezea mto, nitamwambia, "Nipe namba dada, mzigo mpya ukiingia nikushtue."

Unajua tunavyoandikana huko. Kariakoo jina alilokupa baba yako halina kazi, tunaandika shughuli ya mtu na mahali pake. Kwenye simu yangu kulikuwa na Mama Mashuka Tunduma, Kaka Zipu, Hamisi Mkokoteni, Hamisi Mkokoteni Mrefu, Dada Anayechelewesha. Siku moja mteja alinibipu palepale dukani kuhakikisha namba ni yenyewe, nikachungulia kioo chake. Nilikuwa nimeandikwa "Mama Vitenge Mkali". Nilicheka, lakini nilifurahi pia. Angalau nilikuwa nimeandikwa.

Namba zikazidi, na kichwa changu kikazidi nazo. Wewe ndiye uliyenifundisha kuweka stetasi, ukiwa kidato cha kwanza, na ulijuta kunifundisha. Kila jioni nikishafunga duka, kabla hata sijavua viatu, nilikuwa nahesabu waliotazama. Wakipungua kuliko jana, chakula hakipandi. Baba yako ananisemesha, mimi namjibu "mm". Mtu akiniuliza kama nimeshazoea mji, nilikuwa namwonesha simu. Namwambia, nina watu Bongo nzima na mikoa yote, wewe nitajie mkoa. Niliamini hivyo kabisa, mwanangu. Niliamini kwamba yule msichana wa Masasi aliyekuwa akisikiliza majina ya wengine dirishani sasa amekuwa mtu wa watu.

Kisha nikaugua. Unakumbuka usiku ule wa kidole tumbo, ulivyokuwa umeshika mlango. Lifti ilikuwa mbovu kama kawaida yake. Baba Festo wa ghorofa ya pili alikuja na singlendi, na Mzee Liloka, yule mchukuzi anayekaa kile chumba cha chini ya ngazi, akaja na kamba zake za kazi. Wakanifunga kwenye kiti cha plastiki wakanishusha ghorofa zote hizi, Mzee Liloka akitangulia chini uzito wote juu yake, ananiambia, "Tulia mama, mimi nimeshabeba majokofu, wewe huna kitu." Nilipopasuliwa na kulazwa, Bi Zuwena wa chini aliniletea uji kila asubuhi, yeye na magoti yake yale. Simu nayo ilikuwa inalia mfululizo, pole, pole, na vikaragosi vya kusali. Nikawa nahesabu zile pole nikiwa na mshono tumboni. Uji nilikunywa, lakini sikuuhesabu.

Kitandani pale niliweka nadhiri nikipona nitasoma dua ya shukrani na nitalisha watu. Mungu akanijalia. Nikapanga Jumapili baada ya Alasiri, juu ya paa, mikeka kwa jirani wa mtaa wa pili, pilau masufuria makubwa. Na mwaliko nikautuma kwa mkupuo mmoja kwa namba zote nilizokuwa nazo. Nilibonyeza nikajisikia malkia.

Alhamisi Bi Zuwena aliona gunia la mchele linapandishwa, akanisimamisha kwenye ngazi.

"Mama Nasra, kuna shughuli?"

"Shukrani yangu, Bi Zuwena. Jumapili."

"Alhamdulillahi. Umeshapita kualika?"

"Siku hizi hatupiti, bibi. Nimeshawatumia watu wote kwenye simu."

Aliniangalia, akasema "Haya," akaingia kwake. Mimi nikapanda ngazi. Bi Zuwena hana simu ya kioo, mwanangu. Mzee Liloka hana simu kabisa. Baba Festo na mkewe sikuwa na namba zao, ya nini, wakati nikitaka chumvi kwa Mama Festo napiga kelele ngazini na chumvi inakuja? Watu wa nyumba hii hawakuwamo kwenye simu yangu kwa sababu walikuwa karibu mno. Nikajiambia, wao si wageni, wataona pilau watakuja. Na mimi ni mtu wa kusini niliyekaa pwani muda wa kutosha kujua kwamba hapa mwaliko ni miguu. Hata anayelala ukuta mmoja na wewe unamgongea hodi, unamwambia kwa mdomo wako, "Nakualika." Asiyegongewa hodi haji, hata harufu ya pilau ikimfuata kitandani.

Jumapili ile naikumbuka kwa ngozi. Alasiri ikasomwa, mikeka imetandikwa, watu hakuna. Wakaja wateja wawili wa Kariakoo, mmoja na mtoto wake. Akaja Hamisi, wala sikujua kama ni Mrefu au yule mwingine, maana sikuwahi kumtazama vizuri. Ustadhi akawa anafungua na kufunga kitabu. Baba yako akaenda kuchungulia barabarani, akarudi, akaenda tena. Mimi nimeshika simu, nahuisha, nahuisha, nione kama kuna aliyejibu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kukusanya namba nikawa tena yule msichana wa dirishani, safari hii na pilau la kulisha mtaa.

Nikakutafuta ugawe juisi, hupo. Nikapiga kelele, "Nasra! Huyu mtoto kapotelea wapi?" Nikaapa ukirudi utanitambua.

Kisha nikasikia ngazi. Bi Zuwena ndiye aliyetokeza kwanza, anahema, kamshika mjukuu wake mkono. Nyuma yake Mama Festo na wanawe wote na kitenge kipya, Baba Festo, Mzee Liloka kaoga kavaa shati la mikono mirefu, na wale wa ghorofa ya nne ambao hata majina yao nilikuwa nayababaisha. Wewe ukawa wa mwisho. Walikuwa wanacheka. Bi Zuwena akasema, "Mama Nasra, huyu mwanao kichwa chake chujio, hakishiki kitu!" Nikadhani ni utani wa kawaida, nikacheka nao. Nilikuwa na furaha mno kuuliza. Ile dua ilisomwa, Nasra, na mimi niliitikia amina hadi sauti ikakauka.

Tangu siku ile watu wa nyumba hii wanakuita Msahaulifu. Na mimi nikalidaka. Ukiacha ufunguo mara moja, "Si ndiyo Msahaulifu huyo." Ukiondoka kwenda chuo cha uuguzi, "Msahaulifu, vyeti umebeba?" Ulikuwa unatabasamu tu. Hukuwahi kusema neno.

Lililofuata baada ya shukrani unalijua nusu. Niliingia kwenye simu na hasira zangu nikaanza kufuta watu. Asiyekuja, futa. Jina baada ya jina, na nilijisikia utamu kama mtu anayekuna upele. Wiki chache baadaye simu ikaita, namba haina jina. Nikasema, "Nani mwenzangu?" Sauti ikasema taratibu, "Mama Nasra, hata mimi hunijui? Mama Faraja wa Songea." Mwanamke anayenunua kwangu tangu sina hata rafu ya kupangia vitenge. Kasikia kwa watu kwamba niliugua na nimefanya shukrani, kapiga kunipa pole na kunilaumu kwamba sikumwambia. Nikamwambia nilikutumia. Akaapa hakupata kitu.

Wewe ndiye uliyenifumbua. Ulisema, "Mama, ujumbe wa mkupuo haumfikii mtu kama yeye hajaihifadhi namba yako. Mama Faraja alibadilisha simu, majina yakapotea." Ukanionesha ile tiki moja ya ujumbe usiofika, tiki moja, tiki moja, zimepangana hadi chini. Basi wengi wale hawakunidharau. Hawakuwa nami tu. Mimi nilikuwa nao, wao hawakuwa nami. Sijui lipi liliniuma zaidi, lakini najua lipi lilinifundisha. Nilikuwa nimekasirikia watu kwa kutoitikia sauti ambayo haikuwafikia, na wengine nimewafuta na sikuwapata tena hadi leo. Mama Faraja nilimwomba radhi, akanisamehe kabla sijamaliza sentensi, na kesho jioni atakuwa stendi ya Songea anakungoja, utalala kwake. Nashukuru alikuwa na moyo wa kupiga kwanza.

Simu siitukani, mwanangu. Imetulisha, imekusomesha. Anayetukana jiko kwa sababu liliwahi kumuunguza atakula nini? Ninachokwambia ni kwamba ilinipa hesabu nikaidhani ni watu, na hao mamia waliotazama picha yako bila kukuandikia usiwahukumu kama nilivyohukumu mimi. Mwingine ana shida zake, mwingine amepitisha kidole tu akiwa kwenye foleni. Usiwafute.

Sasa nifike nilipotaka kufika, maana nasikia bajaji chini.

Jana nilishuka kwa Bi Zuwena kuazima kikaango kikubwa. Akanipa, kisha akasema, "Msahaulifu wetu anaondoka. Mwambie huko asisahau sindano ya mtu kama alivyosahau mwaliko wa shukrani yako."

Nikasema, "Mwaliko gani?"

"Ule uliomtuma Jumatano akaja kutugongea Jumapili, pilau limeshaiva. Si alipita mlango kwa mlango? 'Shikamoo, mama anawaalika kwenye shukrani yake, alinituma tangu Jumatano, mimi nikasahau. Kosa langu, naomba msimkasirikie mama.'"

Nilisimama pale na kikaango chake. Nikaona yote mara moja: wewe hupo, ngazi, kicheko, lile jina. Ulikuwa na umri gani? Kidato cha pili. Uliona mama yako juu ya paa na mikeka mitupu, hukuniuliza, hukunilaumu, ukashuka ukaitoa aibu yangu mlango kwa mlango ukaivaa wewe. Na ukaivaa miaka yote hii, na mimi nikawa naongoza kukucheka. Nilipanda nikajifungia bafuni. Baba yako akagonga, nikamwambia naoga.

Mlipotoka leo kwenda Feri, kabla sijashika kalamu, nilijifunga mtandio nikashuka mpaka chini, nikaanza kupanda. Kila mlango nilipiga hodi. Kila mlango nilisema, "Nasra anasafiri kesho baada ya Alfajiri. Nimekuja mwenyewe kuwaalika mje tumsindikize. Na lile la siku ya shukrani yangu, mtoto hakusahau. Sikumtuma. Aliyewasahau ni mimi, nanyi ndio mlionibeba."

Baba Festo alicheka mpaka akashika mlango. "Mama Nasra, mbona tulijua? Alikuja hapa kavaa ndala moja yake, moja ya baba yake. Mtoto aliyetumwa tangu Jumatano anakosaje ndala?"

Mzee Liloka alisema, "Mimi nilikula sahani mbili nimfurahishe yeye. Tumbo liliniuma." Kisha akasema begi lako la kesho ni lake na asisikie habari ya bajaji.

Bi Zuwena ndiye niliyemwachia mwisho, kwa woga, nikarudi chini kwake. Alinikalisha kitandani. "Nilikuwa nimeapa siji," akasema. "Nilikuwa nimeshavua nguo ya kutokea, nimejilalia hapa na uchungu wangu. Mtoto akagonga. Midomo inamcheza. Alivyosema 'kosa langu,' nikamwambia mjukuu, nipe mtandio. Sikuja kwenye shukrani yako, Mama Nasra. Nilikuja kwa mwaliko wa Nasra. Sote tulikuja kwa mwaliko wa Nasra."

Nikamuuliza, basi mbona jana ulinisema vile? Akanipiga kofi la paja. "Nilikuchokoza! Mtoto anaondoka na jina si lake. Angemvua nani, mimi?"

Basi nimekuvua, mwanangu. Nisamehe, na ahsante. Ahsante kwa ngazi zile ulizoshuka. Nilishukuru kwa dua siku ile kwa sababu nilipona, kumbe sikujua nusu ya nilichopewa.

Kuhusu safari sikulazimishi. Ukiamka ukasema huendi, nitamwambia baba yako afungue begi, samaki tutawala wenyewe, na maneno yataishia hapo. Lakini usibaki kwa kuogopa kusahauliwa. Ulipokuwa mtoto ulijaza paa kwa ndala zisizofanana na uongo mmoja wa huruma, na hukuwa na simu. Wale wanawake watakaokuja kujifungua zahanati kwako usiku, wataona sura hiyo hiyo iliyogonga milango ya hapa.

Kesho ukishuka milango itakuwa wazi, kuanzia ya nne hadi chini. Usishtuke na usijifiche nyuma ya baba yako. Wamenipa ujumbe nikufikishie, na cha ajabu hawakuambiana lakini umekuwa mmoja. Hakuna aliyeniambia, "Tutamkumbuka." Nadhani hakuna aliyeona kama hilo ni la kusemwa. Kila mlango uliniambia, "Mwambie asitusahau."

Mama yako,
Mama Vitenge Mkali